Ubao wa Tatu Kutoka Mkukuni

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye hoteli moja ya ufukweni, zile ambazo mlangoni unasalimiwa na kijana aliyevalishwa kanzu na hata kuivaa hajui. Pembeni ya bwawa la kuogelea wameweka jahazi. Wamelikata ubavu mmoja, ndani wamepanga chupa za pombe na viti virefu, na wanywaji wanaegemeza viwiko kwenye ukingo wake. Mwenye hoteli, kijana mwenye digrii mbili, akanishika bega. "Mzee, hiki ni chombo cha asili. Kimefanya kazi baharini miaka hamsini." Nikakigonga kwa kifundo cha kidole, mara moja tu. Nikamwambia, "Hii ni paini, mbao ya masanduku, na haijamaliza miaka sita. Wamekuuzia kuni." Akacheka, akidhani namtania. Nikainama nikanusa. Kinanuka vanishi. Chombo kilichoishi majini hakinuki hivyo. Kinanuka sifa, yale mafuta ya ini la papa, na harufu ile ikishaingia kwenye ubao haitoki mpaka ubao wenyewe uishe.

Mie sijasoma. Niliishia darasa la saba, na hilo la saba nililimaliza kwa sababu mlango wa kutokea ulikuwa upande huo. Leo nina karakana tatu za mbao, na hao wenye vyeti huja asubuhi na bahasha zao kuniomba kazi, nami huwauliza swali moja tu: ubao huu mzima au mbovu? Wanautazama. Mbao haitazamwi! Tisa kati ya kumi huwa wanatazama, na huyo wa kumi ndiye ninayemwajiri. Wanasema nina majivuno. Mwenye hoteli akajivunie paini yake. Mie najivunia masikio, na masikio haya sikuyapata shuleni.

Kawe tuliyokulia sie haikuwa hii ya kuta na mageti. Ulikuwa ukitoka nyumbani unaiona bahari kati ya nyumba ya jirani na choo chake. Baba alikuwa fundi wa vyombo. Alitoka kwao kusini na gunia, ndani ya gunia tezo, patasi, nyundo ndogo na keekee ya kutobolea mbao, ile ya kuvuta kwa upinde. Wenyeji walimwita Fundi Chitanda walipokuwa na kazi, na wasipokuwa na kazi walimwita mtu wa kuja. Kusoma hakujua. Maneno hakuwa nayo. Ungeweza kukaa naye kutwa akakupa maneno manne, na mawili yakawa "lete" na "ondoka".

Mie nilikuwa namdharau. Nalisema wazi kwa kuwa wenzangu wa rika hili wakianza kusimulia utoto wao, kila mmoja alikuwa malaika anayempenda baba yake. Uongo mtupu. Nilimwona baba mtu mdogo. Mtu wa kutambaa chini ya matumbo ya vyombo vya watu, mgongo mchanga, kichwa vumbi la mbao, na akirudi nyumbani ananuka mpaka paka wanamfuata.

Mtu niliyemwona mkubwa ni Shebe.

Ndiyo kwanza biashara zimefunguliwa, ruksa imeingia, na kila aliyekuwa na kibanda cha chumvi siku hizo akajiita mfanyabiashara. Shebe alikuwa akiuza spea za baiskeli Chang'ombe. Ghafla akanunua jahazi, akaliandika ubavuni Nia Njema, likawa linaleta sabuni, betri, mafuta ya kupikia na mitumba kutoka Unguja. Bahari alikuwa haijui. Kuogelea hajui. Alikuja pwani na kanzu nyeupe na raba mtoni, na nyuma yake mtu wake, Makame, anamshikia mwavuli wa rangirangi kama anamwingiza bibi harusi. Lakini alikuwa na sauti. Akisema "Jamani!" pwani nzima ilimgeukia, na mie kwa akili yangu ya mtoto nikadhani ukubwa ndiyo huo.

Sasa jahazi la mbao ni kama mtu. Lisipotolewa majini likasafishwa na kukaguliwa, linaliwa taratibu kwa chini wakati juu linapendeza. Linatakiwa lipandishwe kila baada ya miezi kadhaa. Shebe alipitisha mwaka na zaidi. Kila nahodha wake alipomkumbusha alijibu, "Safari moja tu hii, tukirudi." Mwishowe chombo kikawa kinaingiza maji, mabaharia wanateka ndoo usiku na mchana, na mmoja wa mabaharia hao alikuwa Mjomba Athumani, mdogo wake mama, kipenzi cha nyumba yetu. Ndipo Shebe akamwita baba.

Kupandisha chombo kunangoja bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Maji yanapojaa mpaka mwisho, chombo kinaelea karibu na nchi kavu, watu wanatanguliza magogo chini yake, wanakivuta. Maji yakirudi, kinabaki mchangani mpaka bamvua nyingine, wiki mbili. Ukizikosa siku hizo chache, umekosa. Hakuna hongo ya kuyajaza maji.

Siku ile walikuja wanaume kama hamsini, maana kwetu kamba ya chombo haikataliwi. Ukiwapo pwani, unashika. Mwalimu alishika, muuza kahawa aliweka birika chini akashika. Mie nilishika mkiani kabisa, nikiwa na hakika kwamba nisingevuta mie kisingepanda. Shebe hakushika. Alisimama juu ya pipa chini ya mwavuli wake, anapiga kelele.

"Vuteni nyie! Mmekula nini leo?"

"Hujatupa bado!" Mjomba Athumani akajibu kutoka mbele, na kamba nzima ikacheka mpaka chombo kikarudi nyuma hatua.

Baba hakupiga kelele. Alikuwa majini, maji kifuani, mkono mmoja ubavuni mwa jahazi, anauinua mwingine pale tu anapotaka wavute. Watu walivuta kwa mkono wa baba, siyo kwa mdomo wa Shebe. Hilo naliona leo. Siku ile nilimwona mwanaume aliye juu ya pipa, na mwingine aliyelowa.

Kilipokaa, kikaegemezwa magadi, yale magogo ya kukishikilia kisianguke, kazi ikaanza. Wakakikwangua makombe yaliyoganda, mengine makubwa kama kiganja, yanakata kama wembe. Kisha makuti makavu yakawashwa, wakawa wanayapitisha chini ya tumbo la chombo, moto unalamba mbao, mdudu anayekula ubao afie humohumo. Nililia mara ya kwanza kuuona moto ule, nikidhani wanakichoma kama takataka, na Makame akanicheka, akaniita mtoto wa kike. Makame, mshika mwavuli!

Baada ya moto, na mbao kukauka kwa jua la kiangazi, ndipo baba akaanza kukagua. Hapo hakutaka mtu asogee. Alilala chali mchangani, akaanza kugonga kwa nyundo ndogo, ubao kwa ubao, kutoka omo, kule mbele, mpaka tezi, kule nyuma, sikio limegusa mbao. Ko. Ko. Ko. Mara kup. Hapo anarudi, anagonga tena, anachoma kwa ncha ya patasi. Akiridhika au asiporidhika, uso ni ule ule. Kisha anaweka alama kwa chaki. Chaki zilikuwa zangu, vipande nilivyovikusanya sakafuni darasani. Mkwaju mmoja wenye mkia, au miwili pamoja.

Sasa mie nilizijua alama zile! Mwalimu wetu ndivyo alivyoweka kwenye madaftari ukipata jibu. Mkwaju wenye mkia, vema. Nikazunguka chombo kizima nikihesabu, na kila nilipoiona alama moyo ukafurahi. Nia Njema ilikuwa imefaulu kuliko mtoto yeyote wa darasa letu. Na kule nyuma, ubao wa tatu kutoka mkukuni, ule mgongo wa chombo, baba aliweka mikwaju miwili, akairudia ikawa minene. Vema sana, nikasema. Ubao huo lazima ndio bora kuliko zote.

Mjomba Athumani akaja akachutama kando ya baba. "Vipi daktari? Mgonjwa atapona?"

"Huu utoke," baba akasema, anaugonga ule wa mikwaju miwili.

"Utoke tu, shemeji. Mie ndiye ninayelala juu yake."

Mie nilikuwa upande wa pili nahesabu vema zangu. Sikuwasikia, Mjomba ndiye aliyeyasema baadaye.

Baba akamfuata Shebe. Hayo nayo sikuyaona, nilikuwa shule, lakini pwani haina siri. Alimwambia ule ubao umekwisha, kuutoa na kuutia mwingine na kukalafati, yaani kushindilia pamba kwenye maungio, hakuwezi kuwahi bamvua iliyobaki siku tatu. Kisubiri inayofuata. Shebe akamwambia mzigo unangoja Unguja, na kuna tajiri wa Kariakoo anakuja kesho kukiona chombo, akikipenda atakikodi msimu mzima. "Shindilia pamba, paka shahamu, tumalize." Baba akasema, "Pamba haishiki kwenye uji." Akageuka, akaenda Chang'ombe kutafuta ubao wa mvule. Hakuomba ruhusa. Alijua ubao utahitajika, akaenda kuuleta.

Asubuhi ya pili nikaja pwani, shule nimeikata. Shebe alikuwepo na Makame, na wale watu wa kukaa ambao hawakosekani penye chombo kilichopanda: kumi na zaidi, kutwa vivulini, kila mmoja nahodha wa mdomo. Shebe akaniita. Jina langu! Sikujua kama analijua.

"Hebu niambie, msomi wangu. Baba yako kaandika nini hapa kwenye chombo changu?"

"Kasahihisha," nikamjibu. "Kimefaulu. Vema tupu. Na ule kule nyuma umepata vema mbili."

Walicheka watu wale mpaka mmoja akakaa chini. Shebe hakucheka. Aliinama akanitazama vizuri, nami nikaona raba mtoni zake karibu kabisa na vidole vyangu.

"Basi kama kimefaulu," akasema polepole, "haya maandishi ya nini tena? Mgeni wangu anakuja saa sita, akute chombo kimechorwachorwa kama ukuta wa choo? Zifute, baba. Zote. Kisha nitakupeleka Unguja na chombo hiki hiki, ukae pale mbele kwa nahodha."

Jamani. Unguja! Nilikuwa nikiiona kwa macho ya watu wengine tu. Nikachukua gunia, nikalitia maji ya bahari, nikafuta. Na mie kazi nikiifanya naifanya, tangu utoto. Sikuacha hata mkia wa alama. Ule ubao wa tatu niliusugua zaidi kwa sababu chaki yake ilikuwa nene. Nyuma yangu Makame alikuja na ndoo ya shahamu, yale mafuta ya mnyama, iliyokorogwa na chokaa, anapaka. Ilipofika adhuhuri tumbo la Nia Njema lilikuwa jeupe kama jino. Tajiri wa Kariakoo akaja, akakizunguka mara moja, akakipiga kofi kama anayenunua ng'ombe, akasema chombo safi. Wakashikana mikono. Tajiri na Shebe, wote wawili, pamoja na fedha zao, walikuwa wanatazama chokaa.

Baba alirejea siku ya tatu, asubuhi ya bamvua. Ubao wa mvule kauleta kwa mkokoteni kutoka Chang'ombe mpaka Kawe, yeye na msukuma mkokoteni wakipokezana. Pwani ilikuwa imejaa tayari. Kamba zimefungwa, magogo yamepangwa, maji yanapanda. Shebe alikuwa ameleta ubani na watu wa kusoma dua. Baba akasimama, akakitazama chombo cheupe. Akapita ubavuni mpaka nyuma, akainama, akapangusa shahamu kwa kiganja. Chini yake hakuna kitu.

"Alama zangu ziko wapi?"

"Alama gani?" Shebe akasema kutoka kwenye pipa lake.

"Ubao wa tatu. Niliuwekea alama."

"Jamani!" Shebe akaipaza sauti yake ile. "Yupo aliyeona alama hapa? Fundi katoroka kazi siku tatu, kazi imemalizwa na wenzake, sasa anarudi kutafuta visingizio! Kuna mtu kaona alama?"

Walikuwepo watu wale wa vivulini, wote, walionicheka siku mbili nyuma nikizisoma kwa sauti. Wote wakatazama bahari. Mpaka leo nikimwona mtu mzima anatazama bahari anapoulizwa jambo, simpi kazi. Muuza kahawa akaanza kufuta vikombe visivyokuwa na uchafu. Mjomba Athumani hakuwepo. Alikuwa kaenda Temeke kuwaaga wakwe aliotarajia, maana mchana wangepakia na kesho yake wangetweka.

Baba akaniona mie. Nilikuwa nimesimama mbele, karibu na pipa, nguo safi, tayari kwa safari ya Unguja ambayo nyumbani sikuwa nimewaambia.

"Wewe uliziona," akasema. Halafu akasema maneno mengi kuliko niliyopata kumsikia akiyasema kwa mkupuo: "Ubao ule umeoza. Mikwaju miwili maana yake umeoza. Mjomba wako analala juu yake. Uliziona au hukuziona?"

Ndipo nikaelewa. Haikuja polepole, ilikuja kama ndoo ya maji. Vema mbili zile. Na mie ndiye niliyesugua. Ningeweza kusema. Neno moja tu. Lakini juu ya pipa Shebe alikuwa ananitazama, na pembeni yake baba yangu, amelowa jasho, mabega yamechubuliwa na mkokoteni, ananuka. Na mie mshenzi nikapima nani mkubwa.

"Sikuziona," nikasema.

Baba hakunikaripia. Aliendelea kunitazama kidogo, kama anavyoutazama ubao kabla hajaamua aupeleke wapi. Kisha akalifuata gunia lake, akatoa keekee.

Kabla mtu hajajua anafanya nini, alikuwa ameshapiga magoti kwenye maji yanayopanda, ncha ya keekee ubao wa tatu, anavuta upinde. Mbao nzima ikitobolewa inalia, inatoa unga mkavu. Huu haukulia. Ncha iliingia kama kijiko kwenye papai, na kilichotoka ni kitu cheusi, chapachapa, kama ugoro uliomwagikiwa chai. Tundu la kwanza. Akahamisha ncha, tundu la pili.

"Anatoboa chombo!" Makame akapiga ukelele. "Katoboa!"

Wakamrukia. Wale wale ambao hawakuona kitu, sasa wakaona vizuri sana. Walimburuta kwa miguu, mmoja mwenye kanzu akamkalia kifuani, mtu akamnyang'anya keekee. Baba hakupigana nao. Alikuwa ameshamaliza. Maji ya bamvua yakafika, yakaingia kwa matundu yale, na chombo kikakataa kuelea. Kikakaa palepale kizito, kinajaa tumboni, hata ungeleta watu mia kuvuta. Shebe aliruka kutoka kwenye pipa, raba mtoni zikazama, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake ikipasuka kama ya kuku. Alikuwa analilia mzigo. Mabaharia wake saba hakuwataja hata kwa bahati mbaya.

Mjumbe wa nyumba kumi akaitwa. Alikuwa mwanamke, Bi Tatu, mnene, mpole, mpika vitumbua, aliyeamua kesi bila kuacha kutafuna. Alifika maji yakiwa yanarudi. Shebe akamweleza kwa dakika nyingi, polisi, hasara, mtu wa kuja, wivu. Bi Tatu akamgeukia baba.

"Na wewe, Fundi?"

"Umeoza."

"Basi? Hayo tu?"

"Ndiyo."

Bi Tatu akajivuta mpaka nyuma ya chombo, khanga kaikunja magotini, akaomba ashikwe mkono ainame. Akatia kidole kwenye tundu. Kisha akakitoa, akakiweka kando ya tundu, pale ambapo keekee haikugusa, akasukuma. Kidole kikaingia chote. Akakinusa, akakunja uso, akakifuta kwenye kanzu ya Shebe, nyeupe ile, taratibu, kama anayepaka siagi.

"Bwana Shebe, mwanangu. Mie ni mtu wa unga na sukari. Keekee sina. Sasa niambie mie nimetoboa na nini?"

Pwani ikalipuka kicheko. Na waliocheka kwa nguvu kuliko wote ni wale wa vivulini, maana watu wa namna ile hucheka na aliyeshinda, na aliyeshinda akibadilika wanabadilisha meno tu.

Shebe akaapa Chitanda hatagusa chombo chake tena. Hakugusa. Alitafutwa fundi mwingine wa Kunduchi, na alipouchokonoa ubao wa tatu uliondoka kwa mikono, vipande vipande, umejaa vijitundu kama sega. Akatia ule mvule wa baba, hakuna aliyeuliza umetoka wapi. Bamvua iliyofuata Nia Njema ikaelea. Mjomba Athumani akaenda nayo Unguja na kurudi, akaenda akarudi, miaka, mpaka akachoka bahari akajifunza kuendesha lori. Yu hai, ana wajukuu, ana kitambi. Na hakuna mtu hata mmoja aliyekuja nyumbani kumwambia baba ahsante, kwa sababu chombo kisichozama hakina habari. Kingezama, wangekuja wote na mikeka yao, wangelia, wangesifu ufundi wa marehemu fulani, na Shebe angetoa mchele. Ndivyo walivyo watu. Nimewaajiri wengi, nawajua.

Lakini nataka kuimalizia alasiri ile ile ya keekee. Nilitembea nyuma ya baba mpaka nyumbani, hatua kumi nyuma, nikijua kitakachonipata. Fimbo aliyokuwa nayo ilikuwa ya mkwaju. Alifika, akakaa kwenye kigoda, akaanza kusafisha mchanga kwenye keekee yake, waliyomrudishia imevunjika upinde. Mie nikakaa kizingitini. Hakunigusa. Heri angenipiga.

Mjomba Athumani akaja mbio kutoka stendi, kashasimuliwa njia nzima. Akamwangukia baba miguuni nusu kwa mzaha, "Shemeji, umeninyima Unguja!" Kisha mzaha ukamwishia, akakaa chini kweli. Akamweleza mama kila kitu, alama, chokaa, tundu, kidole cha Bi Tatu.

"Alama zilikuwepo, dada. Mie mwenyewe kaniambia huu utoke, nikaziona. Miwili, minene. Leo watu wanasema hazikuwepo."

Mama alikuwa anapepea moto. Akaacha. Huyu alikuwa ni mdogo wake wa pekee, aliyemlea mgongoni. Akageuka taratibu, mkono ukiwa bado umeshika kipepeo cha ukili.

"Nani kazifuta?"

Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Nilisikia kitambaa cha baba kikipita juu ya chuma cha keekee, kikirudi, kikipita.

"Mvua," baba akasema.

"Mvua gani, we mwanaume? Kisima kimekauka, mwezi mzima tunanunua maji, unaniambia mvua?"

"Mvua."

Mama alimtazama baba, kisha akaacha kumtazama yeye akanitazama mie. Alinitazama mpaka moto nyuma yake ukaanza kufifia. Halafu akachukua kata, akateka maji kwenye mtungi, maji yale ya kununua, akaipeleka mlangoni.

"Njoo unawe," akasema. "Chakula tayari."

Nilikuwa nimeshanawa baharini mara tatu. Nikaenda, nikakinga mikono, naye akamimina mpaka kata ikaisha.